Jinsi ya kufuatilia ngisi wa miamba, kutoka kishada cha mayai hadi kijiwe cha kichwani

Ngisi wa miamba haishi mwaka mzima. Katika maji ya joto huanguliwa, hukua, hutaga na kufa ndani ya miezi michache, mara nyingi kama sita hivi. Tumbawe analotundika mayai yake huenda lina umri wa miongo kadhaa. Hapo ndipo tafiti nyingi za mwamba zinapomkosa: ratiba hupangwa kwa mwendo wa tumbawe, safari moja au mbili kwa mwaka, na ngisi huandikwa pembeni endapo ataonekana. Kwa ratiba hiyo kizazi kizima kinaweza kupita kati ya safari mbili bila kuacha hata alama kwenye daftari.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwapima wote wawili mahali pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Mfano wetu ni Sepioteuthis lessoniana, ngisi wa mapezi mapana anayeishi Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Kwa jamaa yake wa Karibea, Sepioteuthis sepioidea, hatua ni zilezile.

Hakikisha kwanza ni ngisi

Pezi la ngisi huyu limezunguka karibu kiwiliwili chote, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu ni rahisi kumwita dome. Pezi la dome ni jembamba kama pindo la nguo. La ngisi ni pana, na akilitandaza umbo lake huwa kama yai refu. Mboni ya jicho la dome hujikunja mfano wa herufi W. Dome hupenda kukaa karibu na sakafu, ngisi huelea katikati ya maji, mara nyingi katika safu ya wenzake. Ukimpasua, dome ana mfupa mweupe mnene, ngisi ana kijiti chembamba kinachopenya nuru.

Mayai hayachanganyi sana ukishayajua. Dome hutaga yai mojamoja, kila moja na ganda lake, mfano wa zabibu, na baadhi ya spishi huyatia wino yakawa meusi. Ngisi wa miamba huweka mayai machache kwenye kifuko cha ute chenye umbo la kidole, kisha hushikiza vifuko vingi mahali pamoja kikawa kishada cheupe. Kifuko chenye mayai 100 hadi 300 si cha huyu. Hicho ni cha ngisi wa aina ya Doryteuthis opalescens wa pwani ya California, anayetaga kwenye mchanga.

Kuna jambo moja la majina usilolipuuze. Kile kinachoitwa Sepioteuthis lessoniana ni zaidi ya spishi moja. Kule Okinawa, Japani, wavuvi walikuwa wakitofautisha aina tatu kabla wanasayansi hawajazithibitisha kwa vinasaba, na aina hizo zinatofautiana hata kwa idadi ya mayai ndani ya kifuko na mahali zinapotaga. Kwa hiyo kila ngisi unayempima mkononi, kata kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mahindi, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 na ukiandike namba ileile ya mnyama. Kazi hii haifiki dakika moja, na bila kipande hicho hutaweza baadaye kutenganisha takwimu za spishi mbili zilizokwisha kuchanganyika.

Kupanga vituo

Chagua makazi matatu yanayoungana: mwamba wenyewe, nyasi bahari zilizo nyuma yake, na ukingo wa mikoko kama upo. Kila makazi yapate vituo visivyopungua vitatu, na kila kituo kipate mistari minne ya mita 50, iliyoachana angalau mita 10. Mistari ya mwamba ifuate kina kimoja. Ukianza mita 3 ukaishia mita 9 umepima vitu viwili na kuvipa jina moja.

Piga msumari wa chuma cha pua au funga kamba fupi yenye namba mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari, juu ya mwamba mfu, kamwe si juu ya tumbawe hai. GPS pekee haitoshi: kosa lake la kawaida la mita kadhaa ni kubwa kuliko upana wa kitu unachotaka kukirudia.

Ratiba iwe hivi:

- Mayai: kila siku 10 hadi 14 katika majira ya kutaga.
- Ngisi wenyewe: katika safari hizohizo za mayai.
- Matumbawe na nyasi bahari: mara mbili kwa mwaka, pamoja na safari ya ziada mara tu maji yanapopata joto lisilo la kawaida.
- Joto la maji: bila kukatika.

Siku 10 hadi 14 si za kubuni. Kwenye maji ya nyuzi 28 hivi mayai ya ngisi huyu huanguliwa baada ya takriban wiki tatu. Ukitembelea kila mwezi, kishada kilichotagwa siku mbili baada ya wewe kuondoka kitakuwa kimekwisha kuanguliwa kabla hujarudi. Maji yakipoa, siku zinaongezeka, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na kipimajoto papo hapo badala ya kukisia.

Safari zote ziwe katika hali moja ya maji. Siku za maji mafu ndizo nzuri: mkondo ni mdogo na tope halijatibuliwa. Wakati wa bamvua mzamiaji hupigana na mkondo, futikamba hupepea, na macho yanakosa utulivu. Zingatia pia saa. Ngisi wa mchana hukaa kwa makundi na hujificha kandokando ya mwamba, ilhali usiku hutawanyika kuwinda. Hesabu ya saa tatu asubuhi hailingani na ya saa kumi na mbili jioni.

Kuhesabu ngisi majini

Vifaa ni futikamba ya fibaglasi ya mita 50, kibao cheupe cha plastiki kilichokwaruzwa kwa msasa laini ili penseli ishike, penseli mbili zilizofungwa kwa uzi, na kamera. Ukiweza, funga kwenye kamera taa mbili za leza zinazokwenda sambamba, sentimita 10 kamili kati yake. Nukta zake zikiangukia ubavu wa mnyama unapata kipimo ndani ya picha. Usizielekeze machoni, kwake wala kwa mwenzako.

Anza kwa kupima uwazi wa maji. Mwenzako ashike kibao cheupe, wewe urudi nyuma huku ukivuta futikamba mpaka kibao kipotee. Chini ya mita 5, ahirisha. Ngisi hukuona kabla hujamwona, na katika maji machafu utaandika sifuri isiyo na maana yoyote.

Hesabu ifanyike wakati mstari unatandazwa, si baada. Mtu wa kwanza ndiye anayehesabu, wa pili yuko nyuma akitandaza. Ukitandaza kwanza kisha ukarudi kuhesabu, kundi limeshakimbia. Ogelea taratibu, mita 50 kwa dakika 8 hadi 10, ukitazama mita 2.5 kila upande. Eneo lako ni mita za mraba 250. Inua macho kila baada ya mapigo machache ya miguu. Waliozoea kuhesabu samaki wa sakafuni ndio wanaosahau zaidi, kwa sababu shingo zao zimeshazoea kuinama, na ngisi yuko juu yao.

Ukiliona kundi, simama. Usilisogelee moja kwa moja. Kaa pembeni, piga picha, kisha uhesabu. Kwa kundi kubwa hesabu theluthi moja na uzidishe kwa tatu, halafu urekebishe kwa picha jioni. Andika idadi, urefu wa kiwiliwili kwa makadirio, na wanachokifanya: wanaelea tu, wanawinda, dume anamlinda jike, jike anaingia chini ya tumbawe na kutoka. Hilo la mwisho ni la thamani kuliko idadi yenyewe, maana linakuonyesha mahali pa kutafuta mayai.

Makadirio ya urefu huharibika kwa sababu ya kioo cha miwani. Majini kila kitu huonekana kikubwa zaidi kwa takriban theluthi moja: ngisi wa sentimita 15 huonekana kama ana 20. Kata vipande vya plywood vyenye umbo la ngisi vya sentimita 5, 10, 15, 20 na 25, vichanganye, vifunge kwenye kamba chini ya maji, na kila mhesabu akadirie mpaka afikie kosa la chini ya sentimita 2. Zoezi hili lirudiwe mwanzoni mwa kila msimu.

Sifuri nazo zinahitaji maelezo. Ngisi huenda kwa makundi, kwa hiyo mistari mingi itakuwa mitupu hata pale walipo wengi. Tuseme uwezekano wa kukutana na kundi kwenye mstari mmoja ni 0.2. Uwezekano wa kuikosa mistari yote minne ni 0.8 mara nne kwa yenyewe, yaani 0.41. Kwa maneno mengine, kituo chenye ngisi kitaonekana hakina ngisi karibu mara mbili katika kila safari tano. Ukiwa na mistari 12 uwezekano huo hushuka hadi 0.07. Usiandike kwamba ngisi wametoweka kwa kutumia mistari minne ya siku moja.

Mayai ndiyo kipimo bora

Kwa sababu hiyo, nguvu yako kubwa iende kwenye mayai. Ngisi hukimbia, kishada hakikimbii. Kinakaa wiki tatu mahali pamoja, kinahesabika mara mbili na watu wawili tofauti, na kinathibitisha kwamba mahali hapo pametumika kuzalia, jambo ambalo ngisi anayepita hathibitishi.

Tafuta chini ya matumbawe ya matawi kama Acropora, ndani ya mianya, chini ya ukingo wa meza za matumbawe, kwenye mashina ya nyasi bahari na mwani mrefu, kwenye kamba za mitego na maboya, na kwenye matawi yaliyoanguka majini. Tumia tochi hata mchana. Kishada kilicho ndani ya kivuli hakionekani bila hiyo. Utafutaji uwe na muda maalumu, dakika 30 kwa kila kituo kwa watu wawili, na muda huo uandikwe. Vishada sita vilivyopatikana kwa dakika 30 si sawa na sita vilivyopatikana kwa saa mbili.

Kila kishada kipya kipewe kibandiko cha plastiki chenye namba, kifungwe kwenye mwamba mfu ulio karibu, si kwenye kishada wala kwenye tawi kinakoning'inia. Piga picha mbili au tatu kutoka pande tofauti ukiwa na rula ndani ya picha, na uhesabu vifuko kwenye kompyuta. Kisha weka tochi ya mwanga hafifu nyuma ya vifuko 10 na uhesabu mayai yaliyomo katika kila kimoja. Ukipata wastani wa mayai 5.5 na kishada kina vifuko 240, una mayai 1,320. Tumia wastani wa kituo chako mwenyewe. Wastani wa kuazima mahali pengine huenda ni wa spishi nyingine, kama tulivyoona.

Andika pia hatua ya ukuaji. Hatua nne zinatosha:

1. Kifuko cheupe, laini, kidogo. Ndani hakuna umbo.
2. Kifuko kimevimba na kufanya vinundu, mara nyingi kimeanza kushika mwani. Kiini kinaonekana na macho ni mekundu.
3. Macho meusi, madoa ya rangi ngozini, kijusi kinatikisika.
4. Kifuko kitupu, kimechanika au kimelegea.

Kwa namba na hatua, safari inayofuata itakuambia kama kishada cha hatua ya 2 kimefika hatua ya 4 kwa kuanguliwa au kimetoweka. Kishada kilichonyofoka kikiwa hatua ya 1 hakikuanguliwa, kiandike hasara. Baada ya dhoruba hasara kama hizi huwa nyingi, na ukizihesabu kama uzazi uliofaulu, hitimisho lako litageuka kinyume cha ukweli.

Usiviguse vishada. Mayai ya hatua ya 3 yakitikiswa huanguliwa kabla ya wakati, vitoto vikatoka na kiini ambacho hakijaisha, na wengi wao hawafiki mbali. Hata pezi la mzamiaji linalopiga maji karibu linatosha kuleta madhara.

Kuna wanaozamisha mafungu ya matawi ili ngisi watagie, mbinu inayotumika Japani. Kama chombo cha utafiti inafaa: fungu la matawi makavu lenye urefu wa mita moja na nusu hivi, limefungwa jiwe, kina cha mita 3 hadi 10, mafungu yote yawe sawa. Lakini linavuta ngisi ambao wangetaga kwenye mwamba. Linganisha mafungu kwa mafungu, usijumlishe mayai yake na ya mwamba.

Kupima mwamba wenyewe

Ukishamaliza ngisi, rudi juu ya mstari uleule. Kila sentimita 50 angalia kilicho chini kabisa ya alama na ukiandike: tumbawe gumu hai, tumbawe laini, tumbawe lililokufa karibuni, tumbawe mfu lililosimama, mwani, sponji, mwamba, vifusi, mchanga, tope, kingine. Mita 50 zinakupa alama 100, na hesabu ya asilimia inakuwa nyepesi. Wanaofuata utaratibu wa Reef Check, ulioanza 1997, hutumia nafasi hiyohiyo ya sentimita 50, ila katika vipande vinne vya mita 20 vilivyotenganishwa kwa mita 5; ukitaka takwimu zako zilinganishwe na zao, fuata mpango wao tangu siku ya kwanza.

Kosa la kawaida ni kutazama alama kwa upande. Ining'inize timazi ndogo, uzi na kipande cha risasi, kutoka kwenye alama. Pale inapogusa ndipo jibu. Futikamba ivutwe ikaze na iwe karibu na sakafu. Ikipepea, kila mtu atachagua anachokipenda, na kwa kawaida macho hupenda tumbawe hai.

Tofauti kati ya tumbawe mfu lililosimama na vifusi ndiyo muhimu kuliko zote kwa kazi hii, na fomu nyingi huziweka pamoja. Ngisi anahitaji tawi, ukingo, mwanya. Tumbawe likipauka, yaani likipoteza rangi yake kwa joto, na kufa, matawi yake hubaki wima kwa miaka kadhaa kabla ya kumomonyoka. Katika kipindi hicho asilimia ya tumbawe hai imeanguka ilhali mahali pa kutagia bado papo. Pigo la ngisi laweza kuja baadaye, matawi yanapogeuka vifusi, wakati ambapo watu wameacha kuhesabu. Kwa hiyo kila mita 10 toa pia alama ya umbo la sakafu, kutoka 0 kwa sakafu bapa hadi 5 kwa yenye mapango na kingo nyingi. Wengine hutandaza mnyororo kufuata mabonde na vilima vya mwamba na kugawanya urefu wake kwa urefu wa mstari ulionyooka. Kipimo hicho ni kizuri, ila mnyororo huvunja matawi membamba; kitumie kwenye mwamba wa mawe tu.

Kuhusu uhakika: mstari mmoja wenye alama 100 na tumbawe hai asilimia 30 una kosa la karibu asilimia 9 juu na chini. Kushuka kutoka 30 hadi 25 kwenye mstari mmoja si habari. Wala usiweke alama za mistari minne kapu moja ukasema una sampuli 400. Sampuli yako ni mstari, kwa hiyo unazo nne.

Kupauka kupimwe kwa kadi ya rangi ya CoralWatch, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland. Ina safu nne za rangi, B hadi E, zenye namba 1 hadi 6. Kwa kila tumbawe andika sehemu iliyo nyepesi zaidi na iliyokolea zaidi, kwa matumbawe yasiyopungua 20. Ncha zinazokua huwa nyeupe kwa asili, ziache. Badiliko la namba mbili ndilo la kuchukulia kwa uzito.

Kwenye nyasi bahari utaratibu wa Seagrass-Watch unafaa: mistari mitatu ya mita 50 iliyoachana mita 25, na fremu ya sentimita 50 kwa 50 kila mita 5, jumla fremu 33. Mikoko huhitaji kipimo kimoja tu kwa mwaka. Mzingo wa shina upimwe mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa mikoko yenye mizizi ya magongo, sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

Joto

Vipimajoto vinavyojirekodi viwekwe kwenye kina cha vishada, si kwenye boya, vikirekodi kila dakika 30. Vifiche ndani ya bomba jeupe lenye matundu: kwenye maji ya kina kidogo jua hupasha plastiki yenyewe moto, ukasoma joto la kifaa badala ya maji. Kabla ya kuvizamisha na baada ya kuvitoa, viweke vyote kwenye ndoo ya barafu inayoyeyuka na kisha maji ya nyuzi 30 pamoja na kipimajoto cha kuaminika. Andika tofauti ya kila kimoja. Kifaa kilichoteleza nusu nyuzi ndani ya mwaka kitakupa ongezeko la joto ambalo bahari haina.

Kwa hatari ya kupauka tumia hesabu ya Coral Reef Watch ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga: chukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi, kisha jumlisha, kwa wiki 12 zilizopita, nyuzi za ziada za kila wiki iliyozidi wastani huo kwa nyuzi 1 au zaidi. Wiki tatu za nyuzi 2 juu ni 6. Ikifika 4 tarajia kupauka kwa kiasi kikubwa. Ikifika 8, kupauka vibaya na vifo. Ramani zao hutokana na setilaiti na huonyesha uso wa maji kwa miraba ya kilomita 5. Ziwe onyo la kukuita majini, si mbadala wa kifaa chako.

Umri, kutoka kwenye statolithi

Hii ndiyo hatua inayounganisha ngisi aliyevuliwa na kishada ulichokihesabu. Kichwani mwa ngisi kuna vijiwe viwili vyeupe vinavyomsaidia kujiweka sawa majini, statolithi, vyenye urefu wa milimita moja au mbili hivi, na kwa spishi kadhaa za ngisi imethibitishwa kwamba hujiongezea mviringo mmoja kila siku.

Pata kibali cha kukusanya kwanza. Katika Umoja wa Ulaya ngisi na jamaa zake wanalindwa na sheria ya wanyama wa maabara, 2010/63/EU, na hata pasipo na sheria hiyo mnyama asiteswe. Changanya gramu 75 za magnesiamu kloraidi yenye maji ya fuwele katika lita moja ya maji yaliyosafishwa, kisha ongeza maji ya bahari ya ujazo huohuo. Mwache humo mpaka apauke, asishike kwa minyiri na asitikisike akiguswa, ndipo umuue. Ngisi 20 hadi 30 kwa mwezi wanatosha. Ukichukua kwa wavuvi, uliza wamevuliwa wapi na kwa chombo gani, kwani ndoana za taa huchagua ukubwa fulani na kuwaacha wadogo.

Pima urefu wa kiwiliwili mgongoni, kwa milimita, akiwa mbichi, aliyegandishwa husinyaa. Andika uzito, jinsia na ukomavu. Kisha:

1. Mlaze chali, kata na kuondoa mrija wa kutolea maji.
2. Pasua kwa wembe gegedu iliyo chini yake, nyuma ya macho. Kata kidogokidogo, vijiwe vinaonekana kama punje mbili nyeupe.
3. Vitoe kwa kibanio laini, visafishe, viweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 95. Fomalini usiitumie kabisa: ni tindikali, na statolithi ni kalsiamu kaboneti, itayeyuka taratibu na miviringo ya ukingoni itapotea kwanza.
4. Bandika kimoja kwenye kioo kwa gundi inayolainika kwa moto, upande uliobonyea juu.
5. Sugua kwa karatasi ya msasa yenye chembe za mikromita 30, halafu 12, malizia kwa 3, ukiangalia kwenye hadubini kila baada ya misuguo michache. Geuza, sugua upande wa pili.
6. Hesabu miviringo kwa ukuzaji wa mara 400, kutoka ule wa kuanguliwa hadi ukingoni. Rudia siku nyingine bila kutazama jibu la kwanza. Hesabu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, fanya hesabu ya tatu. Ikishindikana, tupa sampuli hiyo.

Wengi husugua kupita kiasi, na kitovu cha kijiwe kikishatoweka hakirudi. Jizoeze kwa vijiwe 20 ambavyo huvihitaji.

Sasa rudi nyuma kwenye kalenda. Ngisi aliyevuliwa tarehe 30 Juni akiwa na miviringo 140 alianguliwa tarehe 10 Februari. Toa wiki tatu na yai lake lilitagwa karibu tarehe 20 Januari. Fungua daftari la vishada la Januari na chati ya joto ya wiki hizo. Ukifanya hivyo kwa ngisi 150 utaona ni vishada vya majira gani viliishia kuwa ngisi wazima, na mara nyingi si majira yaliyokuwa na vishada vingi zaidi.

Kuandika takwimu

Safu moja kwa kila mstari kwa kila safari: tarehe, saa, kituo, makazi, kina, uwazi wa maji, hali ya maji, mhesabu, muda wa kutafuta, ngisi, vishada vipya, vishada vilivyopotea. Palipotafutwa pasipatikane kitu pawe na 0. Pasipotafutwa, kwa tope au kwa mkondo, paandikwe «haikupimwa». Kisanduku kilichoachwa wazi ndicho kinachoharibu zaidi, kwa sababu programu moja hukisoma kama sifuri na nyingine hukiruka. Picha zote zipewe jina lenye tarehe, kituo na namba ya kibandiko siku hiyohiyo, kabla ya kulala, na nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine.